Sabuni ya Ndoo Moja

Niliolewa Newala nikitokea Lulindi, na kosa langu la kwanza katika nyumba ya mume wangu lilikuwa la maji. Kwetu Lulindi kisima kilikuwa nyuma ya shule, na mtu akitaka kufua alifua tu, hakuna aliyemhesabia. Asubuhi ya tatu baada ya harusi nilikusanya nguo zetu pamoja na za mama mkwe, nikamimina ndoo tatu zilizokuwa zimepangwa kando ya mlango wa jiko, nikafua mpaka kamba ikajaa. Nilijiona nimekuwa mke.

Mama mkwe alitoka, akaitazama kamba, akazitazama ndoo tupu. Hakusema kitu. Aliingia ndani, akajifunga khanga ya pili kiunoni, akachukua ndoo moja na kata yake ya kichwani, akaondoka. Nilidhani amekwenda kwa jirani. Alirudi jua likiwa limepita utosini. Mume wangu, aliyekuwa amekuja kula kutoka kazini, ndiye aliyeniambia kwa sauti ya chini kwamba bomba la mradi wa maji lilikuwa halijatoa kitu kwa wiki mbili, kisima chetu cha kukinga maji ya mvua kilikuwa kimebaki tope, na siku kama hizo maji yanafuatwa bondeni, chini ya mteremko, saa nzima kushuka na karibu saa mbili kupanda.

Kesho yake Mama alinichukua nikashuka naye. Kushuka nilicheka, maana upepo ulikuwa unatusukuma na bonde lote lilikuwa wazi mbele yetu. Kupanda sikucheka. Mara mbili nilitua ndoo, na mara zote mbili yeye alisimama kunisubiri bila kutua yake. Tulipofika nyumbani aliniambia neno moja tu: "Umeyaona."

Tangu siku hiyo akanifundisha kufua kwa ndoo moja. Nguo hailowekwi, inalowanishwa. Kola na makwapa yanasuguliwa kwa mche wenyewe wa sabuni, kisha nguo inakunjwa na kuwekwa kivulini ili sabuni ifanye kazi wakati wewe unapeta mbaazi. Nusu ya ndoo inabakizwa kwa kusuuza, na hapo ndipo palipokuwa na kazi, kwa sababu sabuni nyingi haziondoki kwa nusu ndoo. Ile yetu iliondoka. Povu lake lilikuwa fupi: lilitoka, likachukua uchafu, likaisha kwa suuzo moja. Maji yaliyobaki tulioshea miguu, na ya miguu tulimwagia mpapai.

Ilikuwa sabuni ya mche ya hapa hapa nchini, rangi ya majivu yenye ubuluu kidogo, imefungwa kwenye karatasi ya kaki yenye picha ya jani moja la kijani. Jina la kiwandani lilikuwa limeandikwa pale, lakini kwetu hakuna aliyelitaja. Tuliita Ndoo Moja. Ukienda dukani ukisema "nipe Ndoo Moja," ulipewa. Haikuwa na manukato. Ilinukia kama majani yaliyokatwa sasa hivi, na mtu akipita karibu yako kanisani ulijua kwa harufu hiyo kwamba nguo zake zimefuliwa jana.

Mume wangu alikuwa mhudumu wa hospitali na alikuwa na makoti meupe mawili. Mimi nilifundisha shule ya msingi. Mama mkwe alikuwa mjane, mkulima wa korosho na muhogo, na kanisani alikuwa amekabidhiwa vitambaa vya altare. Miaka mingi vitambaa vile vilipita mikononi mwake tu. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa nyumba ya nguo nyeupe mahali pasipo na maji, na sabuni ile ndiyo iliyotuwezesha kuwa watu wa heshima. Sisemi hivyo kwa kuikuza. Ndivyo tulivyoishi.

Kisha ikaja miaka ya foleni. Wanaoikumbuka hawahitaji kuelezwa, na wasioikumbuka hawaamini. Balozi wa nyumba kumi aliandika orodha ya kaya, na mgawo ulipofika tulipanga mstari mbele ya duka la ushirika tangu alfajiri, mke na mume, mwalimu na mwanafunzi, wote kwa mche mmoja. Kuna miezi ambayo mgawo haukuja kabisa na tukafulia majani ya mpapai, nguo zikatoka na rangi ya kijani kibichi. Lakini sabuni ilipokuja, ilikuwa ni ileile. Ilichelewa, ilipungua, ila haikutudanganya. Nakumbuka Mama akiinusa karatasi kabla ya kuifungua, kisha akiukata mche kwa uzi vipande vinne, cha kwanza kikiwa cha altare.

Msimamizi wa duka la ushirika alikuwa kijana wa pale pale Newala. Watu walimwita Bwana Duka, na hata baadaye alipokuwa na mvi jina hilo halikumtoka. Miaka ya foleni wasimamizi wengi wa maduka walichukiwa, naye hakuchukiwa. Hakuuza kwa kupitia mlango wa nyuma. Mgawo ukibaki alitangaza mbele ya watu kwamba umebaki. Mkewe alipojifungua mapacha katikati ya kiangazi, akawa mgonjwa kitandani, mama mkwe ndiye aliyefua nepi za watoto wale siku arobaini, kwa maji aliyoyabeba kwa kichwa chake, kwa sabuni ya mgawo wake. Hakuna aliyemwomba. Bwana Duka alikuja kushukuru, akala kwetu ugali wa muhogo na kisamvu, akamwambia, "Mama, mimi sina la kukulipa. Ila duka lile ni lako."

Mama alicheka. "La ushirika ndilo langu, mwanangu. Nililipa kiingilio."

Ruksa ya biashara ya watu binafsi ilipokuja, tulifurahi kama watu wengine. Mabasi ya Tandahimba yalianza kushusha katoni. Ushirika ulidhoofika, duka likafungwa, na baada ya muda mfupi Bwana Duka akalifungua tena katika chumba kilekile, sasa likiwa lake. Rafu ambazo tulizizoea zikiwa na vumbi na mizani zilijaa mpaka juu: sabuni za waridi, za manjano, za unga kwenye pakiti zenye picha za wanawake wa nje wakicheka, mafuta ya kupaka ya aina sita, betri, biskuti. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni na kusahau nilichokifuata.

Ndoo Moja nayo ilikuwepo mwanzoni, rafu ya chini. Kisha ikawa miche michache. Kisha ukawa mmoja, na karatasi yake imepauka. Kisha mama mkwe akaenda akarudi mikono mitupu.

"Anasema wiki ijayo," alituambia.

Wiki ijayo ilipofika, akaambiwa ni wiki ijayo. Tulikuwa tumezoea kusubiri, kwa hiyo tulisubiri. Ndicho kinachoniuma hata leo ninapokumbuka. Sisi tulifundishwa subira na miaka ile ya shida, tukafikiri kitu kinachochelewa kiko njiani.

Wakati tunasubiri tulinunua zile nyingine. Ya waridi ilikuwa nzuri kuoga, lakini kwenye nguo ilitoa povu la kufika viwiko na halikuisha. Unasuuza, unakamua, unatia maji mapya, povu. Ya unga ilikuwa mbaya zaidi. Nguo moja ya shule ilikula ndoo mbili. Bomba la mradi lilikuwa linatoa maji siku likipenda, hivyo tukaanza kushuka bondeni mara nne kwa wiki badala ya mara mbili. Nilikuwa na mimba ya mtoto wangu wa pili na Mama akanikataza kwenda. Akawa anakwenda peke yake. Alikuwa amepita miaka sitini. Kila aliporudi, alitua ndoo, akakaa kwenye kinu kilicholazwa na kusugua magoti, na hakusema kitu, kama alivyonyamaza siku ile ya tatu ya ndoa yangu. Safari hii hakukuwa na mtu wa kufundishwa.

Likizo ya mwezi wa sita nilishuka kwetu Lulindi kuwasalimia wazazi, na nikaamua kwenda mpaka Masasi mjini kuitafuta. Niliingia duka baada ya duka, nikieleza: mche, rangi ya majivu, karatasi yenye jani. Wengine walikuwa vijana, hawakujua nasema nini. Mwisho nilimkuta mzee mmoja, mwenye duka la jumla karibu na stendi, mtu wa makamo ya baba yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo haitengenezwi tena, binti yangu," alisema. "Kiwanda kiliuzwa. Hao waliokinunua wanataka kutengeneza vitu vingine."

"Lakini watu wanaitaka."

"Watu wa wapi?"

"Newala. Uwanda mzima. Hatuna maji."

Alinitazama kwa huruma. "Binti, huko kiwandani unadhani wanajua kwamba kuna mahali hakuna maji?"

Nilirudi na habari hiyo. Mama mkwe aliisikiliza akiwa anabangua korosho za kula nyumbani, na akaikataa. Hakukasirika, aliikataa tu, kama mtu anayerudisha chenji isiyo yake. "Kiwanda hakiwezi kuacha kutengeneza kitu ambacho watu wanakinunua," alisema. "Huyo mzee hana mzigo, anaona aibu kusema hana." Mume wangu alijaribu kumweleza habari za soko na wenye mitaji. Mama akamuuliza, "Sisi tulipanga foleni kwa ajili yao. Mvua, jua, tulipanga. Leo kuna kila kitu, ndipo wasitengeneze?" Mume wangu alivuta kigoda, akaanza kubangua naye.

Ilipokaribia Pasaka ya mwaka uliofuata, Bwana Duka mwenyewe alikuja nyumbani asubuhi moja. Mama alikuwa uani pamoja nasi, mimi na mume wangu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Njema. Nimekuja na habari. Ndoo Moja imerudi."

Alitoa mche chini ya kwapa. Karatasi ya kaki, jani la kijani. Mama aliupokea kwa mikono miwili. Sijui kama ninaweza kueleza uso wake. Hakucheka. Alinitazama mimi, halafu mwanawe, mmoja mmoja, kama kusema: mlikuwa mnaniambia nini. Siku hiyohiyo akauza debe la mbaazi alizokuwa ameziweka akiba ya mbegu, akanunua miche kumi. Jumapili baada ya ibada alisimama mbele ya akina mama nje ya kanisa. Yeye hakuwa mtu wa kusimama mbele ya watu, hata kusoma masomo alikataa. Akawaambia, "Imerudi. Ipo kwa Bwana Duka. Nendeni mkachukue kabla haijaisha." Wakaenda. Kwa sababu alisema yeye, hakuna aliyefungua karatasi kuangalia.

Jumatano ya juma lile kuu tulikusanyika uani kwetu, akina mama sita, kufua vitambaa vya altare. Kile kikubwa kilikuwa cha zamani sana, kimedariziwa misalaba midogo na masista waliokuwa misheni kabla hata mama mkwe hajazaliwa. Alifungua mche. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye na nikaona pua yake ikisita. Ulinukia manukato. Rangi yake ilikuwa ya majivu, lakini ulikuwa mwepesi, na kidole kiliingia ndani yake kama kwenye siagi.

"Ni mpya," mama mmoja alisema. "Haijakauka."

Mama akasugua. Povu likatoka, likapanda, likamwagika kwenye beseni. Akasuuza kwa nusu ndoo, likabaki. Ndoo nzima, likabaki. Akina mama wakaleta ndoo zao, walizozibeba kwa ajili ya kupikia, tukamimina, likabaki kitu kama utelezi ambao jicho halikuuona ila mkono uliuhisi. Jioni ilikuwa inakaribia, tukaanika. Kesho yake tulipopiga pasi ya mkaa, kitambaa kilitoa harufu ya kuungua kabla pasi haijapata moto vizuri, na madoa ya rangi ya chai yakatokea kwenye misalaba, moja baada ya jingine. Mama aliendelea kupiga pasi, taratibu, mpaka ukingoni, kana kwamba huko mwisho kungekuwa salama.

Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo. Mmoja alisema, "Basi, Mungu anaona moyo." Mwingine alisema kwamba kwake vitenge viwili vipya vimechuja rangi, akamalizia haraka, "lakini si kitu." Pasaka ile altare ilitandikwa shuka la nyumba ya padri. Mama mkwe alikaa benchi la nyuma. Viganja vyake vilikuwa vinabanduka ngozi.

Jumatatu alinishika mkono tukaenda dukani. Duka lilikuwa na watu watatu wanne. Alimsalimia Bwana Duka vizuri, akaweka juu ya meza miche saba iliyobaki.

"Mwanangu, hii siyo."

"Ndiyo yenyewe, Mama. Tazama jani."

"Jani naliona. Ninakuuliza sabuni."

Aliinama, akapanga miche ile sawasawa kama mtu anayetafuta muda. "Kiwanda kimepata wenyewe wapya. Wamebadilisha kidogo. Siku hizi watu wanapenda povu."

"Watu gani?"

"Wateja."

"Mimi ni nani?"

Bwana Duka aligeuza mche mmoja, jani likaja juu. Alisema mzigo ukishauzwa haurudi, kwamba yeye naye ameletewa hivyo, kwamba hakuijaribu. Alisema, "Mama, mimi ningejuaje?" Akaapa kwa watoto wake, wale mapacha. Mama alimtazama muda mrefu, kisha akasema, "Sawa. Kama hukujua, hukujua." Akaiacha miche yote saba pale mezani na tukaondoka. Njiani aliniambia tusimseme vibaya, maana naye kadanganywa kama sisi. Nilikubali. Hata nilimhurumia.

Haukupita mwezi. Mmoja wa wale mapacha, msichana, alikuwa darasani kwangu, na aliumwa surua, akakosa shule siku nyingi. Nikaenda kumwona. Bwana Duka alikuwa dukani. Mkewe alinipokea, nikamwona mtoto, tukaongea, nikaomba kunawa mikono kabla ya kuondoka. Alinielekeza uani. Pale kwenye jiwe la kufulia, kwenye kifuu cha nazi, palikuwa na kipande cha sabuni. Sikuhitaji kukiinamia. Harufu ilinifikia nikiwa nimesimama. Majani yaliyokatwa.

Niligeuka, mkewe alikuwa nyuma yangu na ndoo. Aliitua ndoo. Kisha akaeleza, bila kuulizwa, akitazama chini. Duka la ushirika lilipofungwa kulikuwa na katoni zilizobaki ghalani, na mumewe alizinunua kwa bei ya kufunga hesabu. Alizileta nyumbani. Alipopata habari kwamba haitengenezwi tena, aliacha kuziuza. Zilikuwa chumbani kwao, chini ya kitanda. Na ile mipya aliijua. Walifulia mche mmoja pale pale kwenye jiwe siku ilipofika, na yeye mke ndiye aliyemwambia kwamba haifai.

"Nilimwambia mpelekee Mama hata katoni moja ya hizi," alisema. "Akasema akimpa mmoja, mji wote utajua zipo."

Aliingia ndani akatoka na mche mzima, wa zamani, umefungwa vizuri. Akaniwekea kwenye kikapu changu na kufunika na daftari zangu. "Chukua, Mwalimu. Tafadhali usiseme. Nina watoto."

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kupapita haraka. Nilichukua. Nilirudi nao nyumbani nikauficha kwenye sanduku langu la nguo. Nilijiambia kwamba nikisema, nitamponza mwanamke yule kwa mumewe. Hilo lilikuwa kweli. Nilijiambia pia kwamba Mama ameshasamehe, kwa nini nimfungulie kidonda. Lakini lililo kweli zaidi ni kwamba nilikuwa na mtoto mchanga na mume wa makoti meupe, nilikuwa nimechoka, na ulikuwa mche mmoja tu. Ningemwambia Mama, angeukataa.

Nilifua mara mbili yeye akiwa shambani. Makoti yakatoka kwa nusu ndoo. Nilipoyakamua nilihisi furaha ambayo sijivunii.

Mara ya tatu alirudi mapema. Nguo zilikuwa kambani na mimi nilikuwa ndani nikinyonyesha. Nilimsikia akiingia uani, kisha kimya. Nilipotoka alikuwa ameshika mkono wa koti, ameuweka usoni. Hakugeuka.

"Umepata wapi?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na uwongo tayari, wa mtu aliyetoka Masasi. Lakini alikuwa ameshalishika lile koti kwa namna ambayo sikuweza. Nikamwambia yote: jiwe la kufulia, katoni chini ya kitanda, mche waliojaribu kabla ya kuuza. Nikamwambia na aliyenipa.

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu hii, Mama."

Alitikisa kichwa polepole, kama anayekubaliana na mtu. Alisema nilete kilichobaki. Nikaleta. Alikifunga kwenye pembe ya khanga, akatoka. Nilimfuata kwa mbali, na mtoto mgongoni. Dukani palikuwa na watu. Aliingia, akasubiri zamu yake nyuma ya mwanamke aliyekuwa akinunua chumvi, kama siku za foleni. Zamu yake ilipofika, alifungua pembe ya khanga, akakiweka kile kipande mbele ya Bwana Duka.

"Hii ni ya kwenu," alisema. "Ilikuja kwangu kwa makosa."

Bwana Duka alikiona na rangi ikamtoka. Nadhani alisubiri mama mkwe aseme zaidi, na watu waliokuwa pale walisubiri pia. Hakusema zaidi. Hakumtaja mke wa mtu. Alirudi zake nyumbani kwa mwendo wake wa siku zote, akanipita njiani bila kunitazama.

Nilitegemea hasira yake iwe kwa Bwana Duka. Kwa Bwana Duka aliacha tu kununua, akawa anatuma watu sokoni. Niliyenyamaziwa ni mimi. Alikula nilichopika, alimbeba mtoto, alijibu shikamoo yangu kila asubuhi. Lakini maji aliyafuata mwenyewe, na nilipotaka kumpokea ndoo mlangoni alisema, "Acha, nimezoea." Wiki mbili, tatu. Mwishowe nilimfuata shambani, akiwa anafagia chini ya mikorosho, nikamwuliza kwa nini mimi. Yule ndiye aliyetuuzia, yule ndiye aliyeapa kwa watoto wake.

Aliegemea ufagio. "Yule ana duka," alisema. "Mwenye duka anauza. Nilikosea mimi kudhani ni kitu kingine. Lakini wewe nilikuwa nawe ndani. Nilikuwa nashuka bondeni na wewe umelala na sabuni sandukuni."

Niliokota matawi makavu nikayaweka pembeni, na yeye akaendelea kufagia, na tulifanya hivyo mpaka adhuhuri. Hiyo ndiyo iliyokuwa suluhu yetu. Sikumbuki siku hasa aliyoniachia ndoo tena, ila nakumbuka kwamba aliniachia.

Makoti ya mume wangu tukazoea yakiwa ya rangi ya maziwa yaliyokaa. Tulichimba kisima cha pili cha maji ya mvua, kikatusaidia miezi mitano ya mwaka. Vitambaa vya altare Mama alivirudisha kwa padri, akasema macho yake hayaoni vizuri, naye padri akavipeleka kwa mtu mwingine. Macho yake yalikuwa yanaona vizuri kabisa. Katoni za Bwana Duka zilijulikana baada ya siku ile, na watu walikwenda kuziomba, wengine kwa upole na wengine kwa maneno makali. Aliziuza zote kwa wiki moja. Mama hakununua.

Miaka baadaye, alipokuwa ameshaanguka na kuvunjika nyonga na hatoki tena nje, Bwana Duka alikuja kumwona. Alikuwa amenenepa, duka lake lilikuwa limepanuliwa na kupakwa rangi za kampuni ya vinywaji. Alisimama mlangoni mwa chumba.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ingia ukae."

Mama aliniambia nimletee mgeni chakula. Nilileta ugali na mchuzi wa samaki, nikaweka kwenye kigoda. Bwana Duka alinawa, lakini hakuanza kula. Alisema, "Mama, lile jambo la wakati ule—"

"Kula, mwanangu," Mama alisema. "Unapoa."

Alijaribu tena. Alisema amekuwa akilifikiria, kwamba alikuwa kijana, kwamba nyakati zilibadilika ghafla na kila mtu aliogopa kubaki bila kitu. Mama alimsikiliza akiwa ameangalia dari. Alipomaliza, alimuuliza habari za mapacha. Akamweleza kwamba mmoja ameolewa Mtwara, wa pili anasomea uuguzi. Mama akasema vizuri. Akamuuliza kama mvua imewanyeshea mashamba ya upande wa kwao. Akasema imenyesha kidogo. Akala, akashukuru, akaaga.

Nilipomsindikiza na kurudi, Mama alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala, nikaanza kutoa vyombo. Akasema, bila kuyafumbua, nimgeuze ubavu wa pili, huu umechoka. Nikamgeuza.